Hakufuta Mrija

Jumatatu, 2 Oktoba

Rosina, mkurugenzi wetu mpya, anasema anayetunza wazee aandike hisia zake, la sivyo zitamjaa kifuani. Haya, naandika. Hisia ya leo: furaha! Furaha mpaka naogopa kuisema kwa sauti.

Baada ya chakula cha mchana alitukusanya jikoni, sisi wa zamu ya mchana. Makao haya ya wazee yatamlipia mmoja wetu kozi ya uuguzi msaidizi kuanzia Machi. Ada, vitabu, sare, na ruhusa ya alasiri bila kukatwa mshahara. Mmoja tu. Halafu wote wakanigeukia mimi! Yamandú, mpishi wetu, akagonga sufuria kwa mwiko kana kwamba kuna harusi. Nikamwambia aache upuuzi. Moyoni nilitaka agonge tena.

Miaka kumi na moja nawaogesha wazee wa Los Ceibos. Nawageuza kitandani, nawalisha, nawafumba macho wakishakata roho. Lakini sindano ya sukari siruhusiwi hata kuishika, sina cheti. Mzee akizidiwa nasimama pembeni, namsubiri mwenye cheti amalize kahawa yake. Nakitaka hicho cheti, jamani. Nakitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume.

Nibia alinibana mkono chini ya meza. Tukirudi nyumbani, yeye akikokota baiskeli ili twende sambamba, akasema, "Ni yako, Mnene. Ya nani mwingine?" Tangu tuanze kazi pamoja hajawahi kuniita Zulma. Ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu Maite. Nibia akisema ni yangu, basi ni yangu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kumbe Duara la Kujaliana linafanya kazi!

Tangu Rosina aje kutoka Montevideo, mji mkuu, kutuongoza, tuna kona ya kupumzikia yenye sofa, taa ya rangi ya chungwa, na bango kubwa: TUNAWATUNZA WANAOTUNZA. Na kila Alhamisi wazee wakiamka usingizi wa mchana wakishakunywa maziwa yao, tunakaa duara kusema tulivyo. Wiki zote hizi tulikuwa wazima kama chuma. Nani atamwambia mkurugenzi kwamba hayuko sawa?

Leo mambo yamegeuka, na kilichoyageuza ni kibuyu. Tangu ule ugonjwa wa dunia nzima, kunywa yerba, chai yetu ya majani ya kwenye kibuyu, kwa mrija mmoja kulikuwa marufuku hapa. Kila mtu na kibuyu chake, kila mtu na ukuta wake. Leo Rosina kasema basi, imetosha, tunywe kama watu. Akanipa mimi themosi, maana mkono wangu hauunguzi majani. Nikanywa cha kwanza kama desturi, nikajaza, nikampa Nibia, kisha Yamandú, kisha Daiana, yule mhudumu mpya wa ghorofa ya juu. Ikafika zamu ya Rosina. Wote tulimtazama. Mkurugenzi mzima, na mrija umetoka sasa hivi kinywani mwa Daiana!

Hakuufuta. Alivuta mpaka kibuyu kikakoroma, akanirudishia, na asante hakusema — ukisema asante umetosheka, na yeye alitaka kingine.

Kisha akalia. Mbele yetu! Mama yake yuko makao ya wazee kama haya, kule mji mkuu, na yeye hana moyo wa kwenda kumtazama. Yamandú naye akatoa habari ya goti lake ambalo hulificha wasije wakamstaafisha. Na mimi — mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamtaja Bi Coca, mzee wetu aliyenifia mikononi Agosti. Nikasema tangu hapo naingia chumba cha mashuka, nafunga mlango, nalilia taulo, natoka nimenawa uso.

Rosina aliniwekea mkono gotini. Kinachosemwa kwenye kibuyu, akasema, kinabaki kwenye kibuyu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mpaka Maite kauliza nimekunywa nini.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nibia kaja na unga na mafuta, tumekaanga mikate ya siku za mvua, tumekula ya moto mpaka vidole vikateleza. Nikamwambia lile ambalo sikulisema kwenye duara: daktari wa kliniki kanipa vidonge vya usingizi. Nusu tu, usiku. Asubuhi naamka sawa, mikono haitetemeki. Lakini ni vidonge, na neno lenyewe sipendi lisikike kazini.

"Mimi kaburi," akasema Nibia, mdomo umejaa mkate. Tukacheka, maana kaburi gani hilo linatafuna.

Alhamisi, 19 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Rosina aliniita ofisini. Mlango ameuacha wazi kidogo, kama afanyavyo ili tusiogope. Sanduku la karatasi za kufutia machozi lilikuwa limeshasogezwa upande wangu! Hapo ningepaswa kujua.

"Zulma, mpenzi, tumekufikiria sana," akasema. Nikatabasamu kama mjinga. Nilishaanza kufikiri nitavaa viatu gani.

Kwamba hawataki kunielemea. Kwamba nimebeba msiba ambao haujapona. Kwamba kozi ni mzigo, na mimi ninahitaji kwanza kupumua. "Na kama unahitaji vidonge ili ulale, mpenzi, huo ni mwili unaomba msaada. Tusipousikia sisi, atausikia nani?" Basi Machi hii nisiende. Mwaka huu nijitunze. Amenipangia masomo ya kuvuta pumzi na kuitoa, Jumanne jioni, bure. Na alasiri moja ya mapumziko. Na mmea mdogo wa miiba kwenye kikombe chenye uso unaocheka.

Nami nikasema asante! Nilikumbatiwa, nikakumbatia. Nimetoka na mmea wangu mkononi, Yamandú kauliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa.

Nimefika kituo cha basi ndipo nikazinduka. Vidonge. Alisema vidonge.

Kwenye duara sikusema vidonge. Nimerudia kila neno kichwani, tangu kibuyu cha kwanza. Taulo, ndiyo. Bi Coca, ndiyo. Vidonge sikusema.

Ijumaa, 20 Oktoba

Si Nibia. Mji huu wa Paysandú, mtu akipiga chafya kaskazini, wa bandarini anamwambia afya. Itakuwa mtu wa kliniki. Yule wa dirisha la dawa ana shemeji yake anayefua hapa kwetu. Bila shaka ni yule. Midomo yake inajionyesha.

Si Nibia.

Jumanne, 24 Oktoba

Ni Nibia aliyepata kozi.

Rosina katangaza jikoni, wakati wa keki ya karameli ya maziwa. Makofi. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu, viganja vikawaka moto. Yamandú hakugonga sufuria. Alisema chini kwa chini kwamba makofi yangu yangetosha kuua nzi wa mtaa mzima.

Nibia alilia. Akanishika shingoni, akaninong'oneza sikioni kwamba hakuomba, Mnene, naapa, walimwita tu. Alikuwa ananukia sabuni ileile tunayonunua pamoja. Nikamwambia hongera, na nilijisikia kama ninayesoma kwenye karatasi.

Alasiri nilimwogesha Mzee Wáshington. Zamani alikuwa beki wa timu ya mjini, sasa miguu imemsaliti lakini mdomo bado unacheza. Jikoni kuna habari gani, kauliza, mbona nasikia makofi na wewe umenuna. Nikamsimulia, kwa nini nimfiche, kesho atakuwa amesahau. Akafikiri, povu la shampuu likimtiririka sikioni.

"Wamekupiga chenga, binti," akasema. "Na aliyekupiga alikuwa amevaa jezi yako."

Nimemmwagia maji kichwani kabla hajaongeza neno. Nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo tarehe ishirini na tisa, siku ambayo desturi yetu ni kula vibonge vya viazi na kuweka noti chini ya sahani ili mwezi ujao usitutupe. Kila mwezi nakula kwa Nibia. Nilikuwa nimeapa siendi. Nimekwenda. Maite angeniuliza kwa nini, nami ningemwambia nini?

Tulikuwa jikoni wawili, yeye anatoa vibonge kwenye maji, mimi nakuna jibini. Nikamuuliza bila kugeuka: nani alimwambia Rosina habari ya vidonge?

Kijiko kikasimama. Mimi namjua mwanamke huyu. Namjua akinyamaza kwa hasira na akinyamaza kwa aibu.

"Nilidhani atakupa likizo," akasema.

Basi ikatoka yote. Kwamba kila Ijumaa, tangu Agosti, Rosina humwita. Humkalisha, humpa kahawa nzuri, humuuliza, "Wasichana wangu wakoje?" Si umbea, eti. Ni ili asaidie kabla mtu hajaanguka. "Na anasaidia, Mnene! Bega langu alinilipia tiba. Ulikuwa huli, ulikuwa hulali. Nilimwambia kwa faida yako."

"Na kozi ukaichukua kwa faida ya nani?"

Akaweka kijiko chini. Nilidhani atalia, nami nilishajiandaa nisimhurumie. Hakulia. Alisema ana miaka hamsini na mmoja. Alisema kila kitu kizuri kikija Los Ceibos, watu wanageuza shingo kunitazama mimi, na yeye anageuza pamoja nao, na anapiga makofi pamoja nao, miaka yote hiyo, na je, nimewahi kumuuliza hata siku moja kama naye anakitaka? "Niliitaka," akasema. "Sasa umesikia. Niliitaka."

Ni kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimeacha jibini, nimechukua mkoba. Mumewe alinipigia kelele toka mezani, "Zulma, na noti yako chini ya sahani?" Nikamwambia aile.

Nimesalitiwa na mtu ambaye nikiumwa ndiye ninayempigia simu. Usiku huu naumwa na sina wa kumpigia.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Nimekwenda makaburini na maua ya mama yangu. Nikamkuta Nibia amepiga magoti, ndoo pembeni, anasugua jiwe la mama kwa brashi kama afanyavyo kila mwaka. Mama yangu, si wake.

Nilisimama nyuma ya misonobari mpaka akamaliza. Amefanya kazi nzuri, herufi zote zinang'aa. Nimeweka maua yangu karibu na yake na nimeondoka nikiwa nimekasirika upya.

Jumatatu, 6 Novemba

Rosina tena. Ofisi ileile, sanduku lilelile la karatasi.

Nibia kamwambia hataendelea na zile Ijumaa. Hakutoa sababu, amesema tu ana mengi ya kusoma. Kwa hiyo Rosina anahitaji mtu wa kubeba duara. Mwenza wa ustawi, ndivyo anavyokiita cheo hicho. Nimimine, nisikilize, na Ijumaa nipite kwake kidogo tuongee wenzangu wakoje. "Wanakuamini, Zulma. Hilo halinunuliwi."

Nikamwambia wazi. Nikasema nilizungumza hapa kama dada, nikaadhibiwa kama mtoto. Nilitaka nione atakavyobadilika rangi.

Hakubadilika. Macho yake yalijaa machozi — ya kweli, mimi machozi ya uongo nayajua, nimelea binti. Akasema ilimuuma kuliko nitakavyojua. Kwamba alipokuwa makao mengine kuna mhudumu alikuwa anachoka kimyakimya na hakuna aliyemwambia mtu, na siku moja alianguka ngazini na mzee mikononi. "Nikaapa sitakosa kujua tena." Anaamini! Hicho ndicho kilichonitia baridi. Ningekuwa nimemkuta mwongo ningejua pa kumshika.

Kisha, nikiwa nimeshafika mlangoni: kozi itakayofuata hii ya Machi itakuwa na nafasi mbili, wamiliki wamekubali. Moja ameshaiandikia jina moyoni. Jina la nani? Akatabasamu tu.

Nilitakiwa kumtupia ule mmea wa miiba. Nimesema nitafikiri. Njia nzima sikuwa nafikiri chochote, nilikuwa najiona nimevaa nyeupe, nashika sindano, namwambia mwenye kahawa kaa tu, dada, nimeshamaliza.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekubali. Kumimina tu. Nimemwambia Rosina: namimina, lakini umbea sileti. Akasema bila shaka, mpenzi, hakuna anayetaka umbea.

Mbona amekubali upesi hivyo?

Alhamisi, 9 Novemba

Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwenye benchi, zamu imekwisha. Mkono unakwenda mbio.

Duara la leo lilikuwa kama kanisa lisilo na padri. Watu wameshanusa. Yamandú alipoulizwa yukoje alisema goti zima, roho nzima, kibuyu kizima, twende kazini. Nibia aliketi mbali nami. Nilimpa kibuyu chake cha kwanza kwa mikono miwili, nikijitahidi uso usiseme kitu. Akanywa, akakirudisha, akasema "Asante." Cha kwanza tu! Wote tulimsikia. Yamandú akakohoa. Rosina akaangalia saa, akasema ana simu ya kupiga, anatuachia nafasi, "nawaacha na Zulma." Na watu wakatawanyika mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi na vyombo. Na Daiana.

Alibaki eti anisaidie kuosha themosi. Themosi gani inaoshwa na watu wawili? Akaizungusha, akaizungusha, akasema, "Mama Zulma, naweza kukwambia kitu? Si kwa duara. Kwako."

Nilipaswa kumwambia hapana. Nilipaswa kusema nenda nyumbani, mwanangu, usiniambie kitu, hasa mimi. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Badala yake nilijaza kibuyu, maji bado yalikuwa ya moto, nikampa. Nikasema hapa ni mimi na wewe tu.

Ana mimba. Mwezi wa tatu unaingia. Mkataba wake wa majaribio unaisha Desemba. Ukipita Desemba hawataweza kumgusa, wakijua sasa watasema tu majaribio hayakufaulu, kwaheri. Mtoto wake wa kwanza analelewa na bibi, mume hayupo. Hajamwambia mtu, hata mama yake. "Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe ulisema habari ya taulo mbele ya watu wote. Nikajua huyu hana uongo." Akanibusu shavuni, akaenda kusubiri basi.

Na ndiye anayemwinua Mzee Wáshington! Kila asubuhi, kwa mikono, maana mashine ya kuinulia ilivunjika na kipuri hakijafika. Mzee mwenyewe kama mlango wa benki. Leo asubuhi nilimwona Daiana amemkumbatia kiunoni, ameuma meno, uso mweupe. Sasa najua kwa nini uso ulikuwa mweupe.

Mtu anapaswa kujua. Si habari ya mimba, la! Habari ya mgongo tu. Naweza kusema Daiana apewe ghorofa ya chini kwa muda, bila sababu. Rosina ataniuliza kwa nini. Nitasema amechoka. Ataniuliza amechoka na nini. Yeye anaulizaje! Anasogeza kiti, anashusha sauti, na wewe unajikuta umesema. Ningeweza kumwinua mzee mimi mwenyewe kila siku mpaka Desemba. Ningeweza kumwambia Yamandú — na goti lile? Ningeweza kumwomba Nibia. Hapo ndipo nilipofika: Nibia!

Nafasi mbili, alisema. Moja ina jina.

Nimejishika nikipanga sentensi. Nilikuwa nafunga kamba za viatu na kichwani nilikuwa nasema, kwa sauti yangu nzuri kabisa, "Rosina, si kwamba nataka kusema habari za mtu, lakini nina wasiwasi na Daiana." Sentensi nzuri. Haina kosa lolote. Imekuja yenyewe, imevaa, imechana nywele.

Mtu anagonga. Ni Rosina. "Zulma, mpenzi, uko humo? Najua kesho ndiyo Ijumaa, lakini naona umebaki, nimeweka kahawa. Wasichana wangu wakoje leo?"

Nimesema nakuja. Sauti imetoka tamu, ileile ya ile sentensi yangu. Nakuja, nimesema, nafunga tu kamba —